Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Majira ya Pwani na Msafiri wa Kigali

Wahenga wa Pwani walituachia methali isemayo, "Usisafirie nyota ya mwenzio." Madarasani twaifundisha kwa maana yake ya ndani, kwamba mtu asiitegemee bahati ya mwingine. Lakini ukiisoma kwa macho ya baharia, methali hii ina onyo lililo wazi kabisa: wakati unaomfaa jirani yako kung'oa nanga huenda usikufae wewe, maana bandari aiendeayo si yako, na shehena aliyopakia si yako.

Makala haya yanakusudia kuirudisha methali hiyo baharini, na kwa msaada wake kulijibu swali ambalo walimu na wanafunzi wa Kiswahili hapa Kigali huulizana kila likizo inapokaribia: ni majira gani yafaayo kwenda kupumzika pwani?

Swali laonekana dogo, tena la starehe. Jibu la haraka hupatikana katika vijitabu vya matangazo ya hoteli: msimu mkubwa ni Desemba hadi Machi, na tena Julai na Agosti, msimu mdogo ni Aprili na Mei. Ndugu msomaji, mpangilio huo una ukweli wake, ila umepangwa kwa nyota ya mwenzio. Desemba hadi Machi ni miezi ya baridi kali Ulaya, na Julai na Agosti ni likizo ya shule za huko. Tangu ndege za kukodi zilipoanza kuleta watalii kwa wingi katika pwani ya Kenya, katika miaka ya 1960 na 1970, bei za vyumba zimefuata kalenda ya mgeni huyo. Bahari yetu ina kalenda yake, ya kale kuliko hoteli zote, nayo imehifadhiwa ndani ya lugha tunayoifundisha. Anayeijua lugha hiyo vizuri hana haja ya kuazima nyota.

Neno "msimu" na safari yake

Tuanze na neno lenyewe. "Msimu" latokana na neno la Kiarabu mawsim, yaani wakati maalumu uliotengwa kwa shughuli fulani: wakati wa soko, wa mavuno, wa hija, wa kusafiri. Wareno walipoingia katika Bahari ya Hindi walilisikia neno hilo vinywani mwa mabaharia, wakalitamka monção, na kutoka kwao lugha nyingine za Ulaya zikapata jina la pepo za bahari hii. Kwa hiyo, katika historia, msimu wa pwani haukuwa bei ya chumba wala idadi ya wageni. Ulikuwa upepo unaomwambia mtu, "Ondoka sasa," au, "Kaa ungoje."

Pepo hizo ni mbili, nazo ndizo zilizotupa hata majina ya pande za dunia. Upepo utokao upande wa juu wa dira huitwa kaskazi, na huko utokako tukakuita kaskazini. Upepo utokao upande wa chini huitwa kusi, na huko tukakuita kusini. Mwanafunzi wa Nyamirambo anayeandika kwamba Musanze iko kaskazini mwa Kigali anatumia neno la manahodha, hata kama hajapata kuiona bahari.

Kaskazi huanza kuvuma yapata Novemba au Desemba, ikaendelea hadi Machi. Ni upepo wa joto. Kusi huanza Aprili, ikapata nguvu zake zote Juni na Julai, kisha ikalegea polepole hadi Oktoba. Katikati ya pepo hizo mbili kuna kipindi cha upepo usio na msimamo, ambacho mabaharia hukiita tangambili, kwa kuwa chombo chaweza kutweka tanga kwenda huku au kule.

Juu ya pepo hizo kuna majina mengine ya majira, na hapa ndipo wanafunzi wetu wengi hukanganyikiwa. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, ni jina la mvua kubwa. Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ni jina la mvua ndogo. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ni jina la ubaridi unaokuja na kusi. Demani ni jina la kulegea kwa kusi, tangu yapata mwisho wa Agosti, wakati bahari inapotulia na hewa ingali na ubaridi mwanana. Majina haya, basi, hayakupangwa katika safu moja kama vyumba vinne vya nyumba moja. Mengine yapima upepo, mengine mvua, mengine joto, nayo hupandana. Mtu wa pwani aweza kusema kwamba masika yamekwisha na kusi ingalipo, bila kujipinga.

Majira ya Kigali na majira ya pwani

Sasa tutazame nyumbani. Kinyarwanda kina majira manne ambayo kila mkulima anayajua. Urugaryi ni ukavu mfupi wa tangu mwisho wa Desemba hadi Februari. Itumba ni mvua kubwa za Machi hadi Mei. Impeshyi ni ukavu mrefu wa Juni hadi Septemba. Umuhindo ni mvua za tangu Septemba hadi Desemba. Linganisha na pwani, utaona kwamba itumba ni ndugu wa masika, umuhindo ni ndugu wa vuli, urugaryi waangukia ndani ya kaskazi, na impeshyi yaangukia ndani ya kusi.

Undugu huu haukutokea kwa bahati. Kigali iko karibu nyuzi 2 kusini mwa ikweta, Mombasa nyuzi 4, na Unguja nyuzi 6. Mkanda wa mvua hulifuata jua, nao huvuka ikweta mara mbili kwa mwaka, ukienda na ukirudi. Kila ukipita hutunyeshea sisi na wenzetu wa pwani katika miezi inayokaribiana. Kwa hiyo mtu wa Kigali hana haja ya kuanza upya kujifunza mvua za pwani. Anayezijua mvua za shamba la mama yake amekwisha kujua nusu ya somo.

Nusu ya pili ndiyo ngumu, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Bara tumezoea kuyapima majira kwa swali moja tu: je, kuna mvua au hakuna? Impeshyi ikifika, barabara hukauka, harusi hufungwa, watu husafiri, nasi husema majira ni mazuri. Pwani swali hilo halitoshi. Julai mvua ni chache kule pia, na jua huwaka. Lakini ndio mwezi ambao kusi huchafua bahari, mawimbi hupiga mwambani, na wavuvi wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba. Ukavu wa nchi si utulivu wa bahari. Msafiri wa bara ambaye hajayatenganisha mambo haya mawili atafika Paje au Jambiani mwezi wa Julai, akute mbingu safi na upepo unaompiga mchanga usoni, asielewe amekosea wapi.

Waliochagua vema na waliochagua vibaya

Historia ya mwambao, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya watu waliochagua majira. Kitabu cha Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, chaeleza kwamba safari za kutoka Misri kwenda bandari za Pembe ya Afrika zilianza yapata mwezi wa Julai. Nacho chaendelea hadi Rhapta, soko la mwisho la pwani ya Azania. Msafiri Ibn Battuta alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, kisha akapanda chombo kurejea Dhofar katika pwani ya Arabuni. Njia hiyo ya kushuka na kupanda ilikuwa njia ya kila mwaka ya vyombo vya matanga: kuja na kaskazi, kurudi na kusi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Vasco da Gama, maana mtu huyo mmoja aliijaribu bahari hiyo hiyo kwa majira mawili. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyempata hapo, kusi ikianza kuvuma, akafika Calicut, India, tarehe 20 Mei. Wengi wamezoea kumtaja rubani huyo kuwa ni Ahmad ibn Majid, lakini wanahistoria wa leo hawalikubali jambo hilo. Almuradi, safari ile haikuzidi mwezi mmoja. Kurudi ilikuwa habari nyingine. Aligombana na watawala wa Calicut, akaondoka mwisho wa Agosti, na mwanzoni mwa Oktoba akaiacha pwani ya India kabla kaskazi haijaanza kuvuma. Bahari ile ile aliyoivuka kwa siku 26 ilimchukua karibu miezi mitatu. Aliuona mji wa Mogadishu mwanzoni mwa Januari 1499. Mabaharia wake wapatao thelathini walikuwa wamekufa njiani, wengi kwa kiseyeye, na waliosalia hawakutosha kuviendesha vyombo vitatu. Ikabidi kimoja kichomwe moto baada ya kupita Malindi. Laiti angalingoja wiki chache tu, upepo ungalimbeba.

Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, aliujua upepo. Alipokuja Zanzibar kwa mara ya kwanza alifika Januari 1828, katikati ya kaskazi, kama walivyofika wafanyabiashara wa Oman, Hadhramaut na India kwa karne nyingi kabla yake. Vyombo vyao vilileta tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia. Vikapakia boriti za mikoko, pembe za ndovu na, baadaye, karafuu. Tusisahau pia kwamba upepo huo huo ulibeba watumwa. Na kwa kuwa aliyekuja na kaskazi hakuweza kurudi mpaka kusi, ilimlazimu kukaa miezi kadhaa. Katika kukaa huko aliuza na kununua, aliswali na wenyeji, mara nyingi alioa, na kwa hakika alizungumza. Lugha yetu ilikuzwa sana na watu waliokuwa wakiungoja upepo.

Majira hayakuwatawala mabaharia peke yao. Wapagazi wa Unyamwezi waliobeba pembe kwenda Bagamoyo walipenda kusafiri wakati wa ukavu, wapate kurejea makwao kabla ya mvua za kupanda. Henry Morton Stanley alipotoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871 kumtafuta Livingstone, masika yalimkuta njiani, na tambarare ya Makata ikageuka bwawa la matope lililowachosha watu na kuwaua punda.

Yako pia majira ya hatari ambayo hayatangazwi katika vijitabu vya hoteli. Tarehe 15 Aprili 1872, wakati pepo zikibadilishana, kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu bandarini na kung'oa minazi na mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa kisiwa cha kwanza kwa karafuu. Watu waliona kwamba vimbunga si jambo la kawaida katika latitudo zetu, na ni kweli. Lakini mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na pwani ya Tanzania. Na mwezi wa Julai 2012, kusi ikiwa katika ukali wake, meli ya Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe, na abiria wengi wakapoteza maisha. Kuyachagua majira, basi, si suala la starehe peke yake.

Kigali na njia ya pwani

Pengine msomaji atauliza: haya yote yatuhusu nini sisi wa milimani? Kigali iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwa barabara, Dar es Salaam iko kilomita zipatazo 1,500 kwa njia ya Rusumo, na Mombasa zipatazo 1,700 kwa njia ya Kampala na Nairobi. Misafara ya pwani katika karne ya 19 ilifika Karagwe na Ujiji, lakini mfalme Kigeli Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, hakuwaruhusu wafanyabiashara hao kujifanyia watakavyo katika nchi yake. Kiswahili kilipata makazi ya kudumu hapa baada ya Richard Kandt kuuanzisha mji wa Kigali mwaka 1907. Kilikuja na askari, makarani, wapagazi na wachuuzi. Mwaka 1913 Waislamu wakajenga msikiti wao wa kwanza upande wa Nyamirambo, na mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ikawa ndiyo makao ya lugha hii mjini.

Njia ya kwenda pwani iliendelea kutafutwa. Wajerumani walifikisha reli ya kati Kigoma mwaka 1914, wakaanza tawi la kutoka Tabora kuelekea Rwanda. Vita vilivyozuka mwaka huo vikalikatisha. Baada ya vita Wabelgiji, waliokuwa wameitwaa Rwanda mwaka 1916, walipata kwa mapatano ya mwaka 1921 sehemu zao za bandari Kigoma na Dar es Salaam. Ngozi na bidhaa nyingine za Rwanda zilipitia pia Bukoba, zikavuka ziwa hadi Kisumu, zikateremshwa kwa reli hadi Mombasa. Mizigo ilishuka; watu walioshuka kwa ajili ya mapumziko walikuwa wachache mno. Wenye nafasi walikwenda Gisenyi, kwenye mchanga wa Ziwa Kivu, na hata leo wengi wetu tukisema "ufukweni" twawaza huko.

Mambo yamebadilika. Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Kiswahili kikafanywa kuwa lugha rasmi. Mwalimu wa Kigali leo aweza kupanda basi mpaka Dar es Salaam, akiwa na hati yake ya kusafiria na nauli aliyoiweka akiba mwaka mzima. Kwa mwalimu huyo, safari ya pwani ni zaidi ya mapumziko: ni kuyasikia masikioni maneno ambayo ameyafundisha kutoka vitabuni. Nauli hiyo haipatikani mara mbili. Akichagua vibaya, amepoteza mengi.

Likizo ya mwalimu na upepo wa bahari

Hapa historia yatufikisha kwenye jambo letu wenyewe. Kwa miaka mingi kabla ya 2020 mwaka wa shule nchini Rwanda ulianza Januari, na likizo kubwa ikaangukia Novemba na Desemba. Aliyeshuka pwani wakati huo aliikuta vuli, na kama alivumilia hadi mwisho wa Desemba, aliona kaskazi ikianza. Baada ya shule kufungwa kwa sababu ya UVIKO-19, kalenda ilibadilishwa mwaka 2021. Sasa mwaka wa masomo huanza katika robo ya tatu ya mwaka, yapata Septemba, na likizo kubwa imehamia Julai na Agosti. Mabadiliko hayo yalifanywa kwa sababu za masomo, lakini kwa msafiri wa pwani yalikuwa sawa na kubadilisha upepo: likizo yetu imetoka katika kaskazi ikaingia katika kusi.

Basi na tuyapime majira, moja baada ya jingine.

Januari na Februari, bahari ni ya vuguvugu, maji ni meupe, na mvua ni haba. Ndio wakati wa kuogelea na kutazama matumbawe. Na huko Mafia, kuanzia yapata Oktoba hadi Machi, wageni huenda kumwona papa shilingi. Lakini joto ni kali. Mchana hupita nyuzi 30, na ifikapo Machi hata usiku haupoi. Mtu wa Kigali aliyezoea hewa ya milimani asiende na watoto wadogo akidhani joto ni joto tu. Tena, ndio wakati bei ziko juu, kwa sababu ya yule mwenzetu anayeikimbia theluji.

Aprili na Mei ni masika. Bei hushuka, hoteli nyingine hufunga milango, na barabara za bara nazo huharibika. Anayetaka kukaa na wenyeji, kusoma na kuandika, aweza kufurahi. Anayetaka kuogelea asisafiri.

Julai na Agosti ni kipupwe. Hewa yatufaa sana sisi watu wa milimani: mchana nyuzi kama 28, usiku pana upepo. Mvua za mchoo hupita kidogo na kwenda zake. Bahari ndiyo yenye shida, hasa fukwe zinazoelekea mashariki, ambazo hupokea kusi bila kizuizi. Dawa yake yajulikana tangu kale: mji wa Zanzibar ulijengwa upande wa magharibi wa kisiwa, uliokingwa. Anayesafiri Julai achague upande wa magharibi au mahali penye miamba ya kuzuia mawimbi, na kabla ya kupanda chombo chochote aulize hali ya bahari kwa waendao baharini, si kwa wauza tiketi. Na iwapo aweza kuchagua, aende wiki za mwisho za Agosti, kusi inapoanza kulegea.

Septemba na Oktoba, kabla ya vuli, ni demani. Hayo ndiyo majira ambayo wengi wa mwambao huyasifu: kusi imechoka, joto halijaja, mvua bado. Mwalimu wa Kigali, ole wake, yuko darasani.

Yabaki majuma ya mwisho wa Desemba, likizo fupi baada ya muhula wa kwanza. Vuli inakwisha, kaskazi inaingia, na siku ni chache. Kwa mtu mwenye siku kumi tu na hamu ya maji, hilo ndilo jibu langu. Kwa mwenye mwezi mzima na hamu ya lugha, jibu langu ni kipupwe, tena kwa sababu moja zaidi: mwezi wa Julai ndipo Makunduchi huadhimisha Mwaka Kogwa, sikukuu ya kuuoga mwaka. Ni mabaki hai ya Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365, ambao mabaharia na wakulima waliugawa katika miongo ya siku kumi kumi ili wajue siku ya kupanda na siku ya kutweka. Anayetaka kufundisha neno "mwongo" kwa maana ya kipindi, na asichekwe na wanafunzi wanaolijua kwa maana ya mtu asiyesema kweli, atalipata huko likiwa na nyumba yake.

Mwezi na maji

Liko jambo la mwisho ambalo Ziwa Kivu haliwezi kutufundisha, maana ziwa halipwi wala halijai kama bahari. Mtu akisha kuuchagua mwezi wa kalenda, achague pia mwezi wa mbinguni. Unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti katika Unguja na Mombasa yaweza kufika mita tatu na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, na tofauti ni ndogo. Siku za bamvua, Unguja, maji hupwa yapata saa nne asubuhi na hujaa yapata saa kumi alasiri. Kisha saa hizo husogea mbele karibu dakika hamsini kila siku. Mgeni asiyejua huamka, akaikuta bahari imekwenda zake mbali, akadhani amedanganywa. Wanawake wa Paje na Jambiani, ambao hulima mwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huingoja saa hiyo hiyo waingie mashambani mwao. Upungufu wa mgeni ni neema ya mwenyeji.

Kwa darasa

Imekuwa desturi katika baadhi ya vitabu kutafsiri majira manne ya Ulaya kwa maneno yetu, "kiangazi" kikawa Juni hadi Agosti na "kipupwe" kikawa Desemba hadi Februari. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo akipanga safari kwa maneno hayo atabeba sweta Januari na kutafuta bahari tulivu Julai. Lugha tuliyomfunza itakuwa imempoteza, ingawa kila neno alilotumia ni la Kiswahili.

Ningewasihi walimu wenzangu wafanye zoezi moja rahisi. Chora duara ya mwaka ubaoni. Nje yake waandike wanafunzi majira ya Kinyarwanda kama wazee wao wayajuavyo. Ndani yake waandike masika, vuli, kipupwe na demani. Na katikati kabisa wachore mishale miwili ya pepo. Kisha waulizwe: ungeshuka pwani lini, na kwa nini? Majibu hayatafanana, wala hayapaswi kufanana. Yupo apendaye joto, yupo aogopaye mawimbi, yupo atafutaye sikukuu, na yupo mwenye siku kumi tu na nauli ya kwenda na kurudi. Kila mmoja na aisome nyota yake.